Kompyuta Inakula Bando: Kuyapangia Masasisho ya Windows Saa na Siku Yake

Bando la GB 5 limenunuliwa asubuhi, kufika adhuhuri limekwisha, na hapo nyumbani hakuna aliyetazama hata video moja. Simu ilikuwa imewashwa hotspoti, laptopu iko mezani, mtoto anaandika kazi ya shule. Mlaji mara nyingi ni Windows yenyewe, inayojipakulia masasisho kimyakimya. Usiku nao una lake: kompyuta iliyoachwa inawaka hujizima na kujiwasha ili iyaweke, na mahesabu ya duka ambayo hayakuhifadhiwa ndiyo yamekwenda.

Wengi wakifikishwa hapo humwambia fundi azime apdeti zote. Fundi ataizima huduma ya Windows Update ndani ya services.msc, yaani orodha ya huduma za Windows, utamlipa, na baada ya siku chache utaikuta imerudi. Sababu ni kwamba Windows 10 na 11 zina huduma nyingine, Windows Update Medic Service, ambayo kazi yake ni kuifufua ile ya kwanza ikiguswa. Zipo programu za kupeana kwa flashi zinazoiua hata hiyo ya pili. Ziache. Programu iliyopewa mamlaka ya kuvunja ulinzi wa mfumo haikuambii imevunja nini kingine, na siku ukitaka masasisho yarudi huenda ukalazimika kuiweka Windows upya.

Tena si kila sasisho ni la kukataa. Kirusi cha WannaCry kilichotikisa dunia Mei 2017 kilipitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake Machi 14 mwaka huohuo. Aliyekiweka alikuwa salama upande huo, aliyezima masasisho alibaki mlango wazi. Na kompyuta ya nyumbani Dar es Salaam, ambayo flashi yake inapelekwa steshenari kuprinti na kurudishwa kila wiki, haiko mahali pa kujivunia usalama. Kinachotafutwa hapa ni wewe kuchagua lini masasisho yapakuliwe, kwa intaneti ipi, na lini mashine ijiwashe upya.

Kwanza ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Andika pembeni mambo mawili: toleo (10 au 11, pamoja na namba kama 22H2 au 24H2) na aina (Home au Pro). Aina ndiyo inayoamua una rungu kubwa kiasi gani. Laptopu mpya za bei ya chini nyingi ni Home. Za mtumba zinazouzwa Kariakoo, zile Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizostaafu maofisini huko nje, kwa kawaida ni Pro, na hiyo ni faida ambayo wanunuzi wengi hawajui kama wanayo.

Kisha mtafute mlaji kabla ya kumhukumu. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Network & internet, Advanced network settings, halafu Data usage. Kwenye Windows 10 ni Settings, Network & Internet, Data usage. Orodha inaonyesha kila programu imekula kiasi gani. Ukikuta System iko juu na GB kadhaa huku Chrome ina MB chache, Windows Update ndiyo mshukiwa. Ukikuta OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) au Steam (ya michezo) ndiyo inayoongoza, sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu: ingia kwenye programu hiyo uizuie huko huko.

Kipi cha kuchukua, kipi cha kuacha

Sasisho la usalama hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa za Afrika Mashariki huachiwa saa mbili usiku, au saa tatu usiku katika miezi ambayo Marekani wamerudisha saa zao nyuma. Uzito wake ni mamia ya MB, na kuna miezi linapita GB 1. Hili lichukue, ila hakuna anayekulazimisha kulichukua usiku huohuo. Wiki moja ya kusubiri inatosha kusikia kama limeharibu mashine za watu. Lile la Julai 2024, kwa mfano, liliziamsha baadhi ya kompyuta kwenye skrini ya bluu inayodai ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na waliochelewa kidogo walipata taarifa kabla ya kulipata tatizo.

Baadaye mwezi huohuo huja jingine lenye neno Preview kwenye jina. Ni sasisho la mwezi ujao likifanyiwa majaribio, na wa kulijaribia ni wewe. Liache. Hakikisha pia swichi iliyoandikwa "Get the latest updates as soon as they're available", ndani ya Windows Update ya Windows 11, imezimwa. Ikiwa imewaka, umejiandikisha kupokea mambo hayo mapema kuliko wenzako.

Toleo jipya la mwaka ndilo zito. Likija zima linaweza kuwa GB kadhaa, na kwenye kompyuta yenye diski ya kizamani, HDD, linaweza kula saa mbili za kuwekwa. Kila toleo la Windows 11 kwa Home na Pro linahudumiwa miezi 24, kwa hiyo unaweza kukaa nyuma mwaka mzima bila kupoteza viraka vya usalama. Ikumbukwe kwamba toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Microsoft walilisimamisha ndani ya siku chache na kulirudisha Novemba. Waliokuwa hawana haraka hawakupoteza picha hata moja.

Draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) zinazoletwa na Windows Update, kanuni ni fupi: kama sauti, Wi-Fi na printa vinafanya kazi, usiguse.

Kuiambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, inafanya kazi Home na Pro, na haivunji kitu. Windows haijui kama upo kwenye fiba isiyo na kikomo au kwenye hotspoti ya simu yenye bando la siku. Lazima uiambie.

Unganisha kwanza kwenye mtandao unaohusika. Windows 11: Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha bofya jina la mtandao wako pale penye properties, na uwashe "Metered connection". Windows 10: Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bofya jina la mtandao, washa "Set as metered connection". Baada ya hapo nenda Windows Update, Advanced options, na uhakikishe "Download updates over metered connections" imezimwa. Hii ya pili watu huisahau, na ikiwa imewashwa na mtu, ile ya kwanza haikusaidii kitu upande wa masasisho.

Sasa zingatia mahali mpango huu unapoteleza. Alama hiyo hukaa kwenye jina la mtandao, haikai kwenye kompyuta nzima. Ukiweka alama kwenye hotspoti ya simu ya baba, hotspoti ya simu ya mama bado iko huru. Ukibadilisha jina la hotspoti, kwa Windows huo ni mtandao mpya na alama inaanza upya. Ukichomeka simu kwa waya wa USB ili kugawa intaneti, Windows huiona kama Ethernet, kwa hiyo alama iwekwe upande wa Ethernet, na kila simu kivyake. Rauta ndogo ya laini vilevile: kwa kompyuta inaonekana kama Wi-Fi ya kawaida kabisa, kumbe ndani kuna laini inayokatwa kwa MB. Pitia mitandao yote ambayo laptopu hiyo huunganishwa, siku moja, ukamalize.

Faida ya ziada ni kwamba OneDrive husimamisha kusawazisha mafaili, na programu za Microsoft Store huacha kujisasisha zenyewe. Hasara yake ni mbili. Ya kwanza, Windows bado inaweza kupakua kile inachokiona ni cha lazima sana, kwa hiyo usitegemee sifuri kamili. Ya pili, orodha ya virusi ya Windows Security inaweza kuchelewa. Ifungue mara moja kwa wiki, Virus & threat protection, Protection updates, ubofye "Check for updates". Kwa kawaida upakuaji huo ni mdogo, hautaliumiza bando.

Siku ya kupakua

Ukishaziba, lazima uwe na siku ya kufungua, la sivyo umerudi kwenye kuzima kabisa kwa mlango wa nyuma. Kwa aliye na kifurushi cha usiku, chagua usiku mmoja katika wiki ya tatu ya mwezi. Muda wa kifurushi ukianza, zima alama ya metered, ingia Windows Update, bofya "Check for updates" na uache ipakue. Kabla ya kulala nenda Settings, System, Power & battery, na kwenye muda wa kusinzia ikiwa kwenye chaja weka Never. Usifunge mfuniko wa laptopu, maana ukifunga itasinzia na upakuaji utasimama. Asubuhi rudisha alama.

Kwa mwenye fiba nyumbani na kompyuta mbili au zaidi, kuna kitu kinaitwa Delivery Optimization ndani ya Advanced options. Chagua "Devices on my local network": kompyuta moja ikishapakua, nyingine zinachukua vipande kwake badala ya kuvuta tena kutoka nje. Usichague ile ya pili inayotaja intaneti, kwa sababu hapo kompyuta yako itawatumia watu usiowajua vipande hivyo kwa intaneti unayolipia wewe. Kwenye mtandao wenye alama ya metered mpango huu haufanyi kazi.

Wengine hupakua kazini na kuleta nyumbani kwa flashi, na inawezekana. Soma namba ya sasisho, inayoanza na KB, itafute kwenye catalog.update.microsoft.com, pakua faili la x64 (la mashine za biti 64) lenye mwisho wa .msu. Tahadhari: faili la huko ni kubwa kuliko linaloletwa na Windows Update yenyewe, kwa sababu limebeba vipande vya mashine za kila aina. Na kwa Windows 11 24H2 kuna sasisho la msingi, KB5043080, ambalo huenda likahitajika kwanza. Katalogi hukuonyesha yote mawili unapobofya Download. Yaweke kwenye folda moja, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa Run as administrator (kama msimamizi) uandike, ukiweka jina halisi la lile jipya:

DISM /Online /Add-Package /PackagePath:C:\sasisho\jina.msu

Itatafuta yenyewe lile la msingi ndani ya folda hiyo.

Kuahirisha, na saa za kutokusumbuliwa

"Pause updates" iko ukurasa wa kwanza wa Windows Update. Home na Pro wanaruhusiwa hadi wiki 5, siku 35. Zikiisha, Windows inadai iweke masasisho yaliyopo kabla ya kukupa nafasi ya kuahirisha tena. Kwa hiyo usiitumie yote kwa mkupuo kisha ukasahau: muda ukiisha siku una bando la MB 500, litaliwa lote na sasisho litabaki nusu. Ahirisha wiki 1 au 2 baada ya Jumanne ya pili, upakue, basi.

Active hours huzuia kitu kimoja tu, kujiwasha upya. Haizuii kupakua. Iko ndani ya Advanced options, iweke Manually, na upeo wake ni saa 18. Wengi huweka mchana, wakiacha usiku kwa Windows. Kwa nyumba ambayo umeme wake hukatika usiku, geuza: weka 6:00 PM hadi 12:00 PM, yaani kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita mchana wa kesho yake. Kompyuta ikitaka kujiwasha upya yenyewe, itabaki na alasiri tu, mtu akiwa macho na anayaona yanayotokea. Hapohapo washa "Notify me when a restart is required to finish updating".

Wenye Pro: rungu la gpedit

Bonyeza Windows na R, andika gpedit.msc, kihariri cha kanuni za Windows. Fuata Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update. Kwenye Windows 11 fungua tena folda ya "Manage end user experience". Bofya mara mbili "Configure Automatic Updates", chagua Enabled, na kwenye orodha chagua namba 2, "Notify for download and auto install". Kuanzia hapo Windows haitapakua bila kukuuliza. Ndiyo mpangilio bora kwa nyumba inayoishi kwa bando, kwa sababu haina siku ya kuisha kama Pause.

Ukiwa humo, malizia mengine mawili yaliyo kwenye folda ya "Manage updates offered from Windows Update". "Do not include drivers with Windows Updates" iweke Enabled. Na "Select the target Feature Update version" iweke Enabled, jaza Windows 11 kwenye kisanduku cha kwanza na 24H2, au toleo ulilonalo, kwenye cha pili. Mashine itabaki kwenye toleo hilo ikipokea viraka vya kila mwezi tu. Weka ukumbusho kwenye simu wa kubadilisha namba hiyo kabla ya miezi 24 ya toleo kwisha. Funga, fungua Command Prompt ya msimamizi, andika gpupdate /force.

Home haina gpedit. Kuna maelekezo ya kuilazimisha iwepo. Kufunguka inafunguka, ila mipangilio mingi unayoiweka humo Home haiifuati, na mtu anabaki akiamini amejifunga mkanda. Baki na metered na Pause.

Umeme

Sasisho likikatiwa umeme linapopakuliwa, hakuna shida, litaendelea lilipoishia. Likikatiwa wakati skrini inaonyesha asilimia na maneno ya kutozima kompyuta, mara nyingi Windows itarudisha ilivyokuwa, itaandika kwamba inaondoa mabadiliko, na itachukua muda mrefu kuliko kuweka. Iache. Mara chache haiamki.

Kwa hiyo kabla ya kubofya "Restart now": angalia uniti za LUKU, maana kumekuwa na masasisho yaliyokatwa na LUKU wakati TANESCO hawana habari. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS (betri ya akiba), ukijua kwamba UPS ndogo ya 650VA hushikilia dakika chache tu. Inakulinda dhidi ya umeme wa kukatika na kurudi, haikupi saa nzima. Laptopu ndiyo yenye nafuu, ikiwa betri ni nzima. Ya mtumba usiiamini kwa asilimia inayoonyesha. Fungua Command Prompt, andika:

powercfg /batteryreport

Itakutajia mahali ilipoweka faili la ripoti. Lifungue, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, laptopu hiyo ihesabu kama kompyuta ya mezani.

Sasisho la BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye chipu ya bodi, lina sheria yake. Huja likiitwa Firmware ndani ya Windows Update, au kupitia programu za HP, Dell na Lenovo. Umeme ukikatika BIOS ikiandikwa, bodi inaweza kufa kabisa, na kuifufua ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu. Lifanye kama lina sababu unayoijua, mchana, betri imejaa na chaja imechomekwa.

Na kabla ya hapo tafuta ufunguo wa BitLocker. Windows 11 nyingi hufunga diski zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, mwenyewe usijue. Tazama Settings, Privacy & security, Device encryption. Ikiwa imewashwa, ufunguo wa tarakimu 48 uko kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza, aka.ms/myrecoverykey. Hapo ndipo wengi wa Dar huumia: akaunti iliyotumika ni ya muuzaji au fundi aliyeiandaa mashine, na ufunguo uko kwake. Mpigie sasa, kabla mashine haijauliza, au zima Device encryption usubiri ifunguke, ingia kwa akaunti yako, uwashe tena. Andika tarakimu hizo kwenye karatasi.

Mtumba na makovu ya ofisini

Ukifungua Windows Update ukakuta maandishi kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lako, na wewe huna shirika, mashine hiyo imekuja na kanuni za kampuni ya zamani, au fundi alizichezea. Ingia Advanced options, "Configured update policies", usome orodha. Ikiwa masasisho yanaelekezwa kwenye seva ya kampuni ambayo mashine haiwezi tena kuifikia, kila jaribio litafeli hata ukiwa na fiba. Dawa safi ni kuweka Windows upya kwa flashi ya GB 8 iliyoandaliwa na Media Creation Tool. Leseni ya mashine halali kwa kawaida hurudi yenyewe ikiwa aina ni ileile. Wakati wa kuanza upya, ikikudai akaunti ya kampuni usiyoijua, mashine bado imesajiliwa huko. Irudishe kwa muuzaji, hilo si la fundi kutatua.

Kosa 0x80072F8F kwenye kompyuta ya mezani ya zamani: tazama saa na tarehe kabla ya kitu kingine. Betri ndogo ya bodi, CR2032, ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma kila ukizima ukutani, na seva za Microsoft zinaikataa mashine. Betri ni ya bei ndogo na kuibadilisha ni dakika tano. Kosa 0x80070070 ni diski imejaa. Kwa toleo la mwaka acha nafasi ya GB 20 au zaidi.

Windows 10

Huduma ya bure ya Windows 10 iliisha Oktoba 14, 2025. Laptopu za mtumba zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 kushuka chini, isipokuwa chache sana, hazitambuliwi na Windows 11, na tangazo la kukusukuma uhamie lisikutie presha. Mwenye 22H2 anaweza kujiandikisha kwenye ESU, viraka vya usalama vya nyongeza hadi Oktoba 13, 2026, kwa kiungo kilicho ndani ya Windows Update. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft hulipi. Ukikataa ni dola 30. Mbinu za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine hizo zipo, ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Office ina mlango wake: fungua Word, File, Account, Update Options, Disable Updates, na uwashe tena mara moja kwa mwezi siku ya kupakua. Vivinjari viache vijisasishe. Humo ndimo nywila za benki zinamopita.

Likiharibu, likikwama

Sasisho la mwezi likileta balaa, ingia Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates, uliondoe kwa namba yake ya KB. Toleo la mwaka huondolewa kwa Settings, System, Recovery, Go back, ndani ya siku 10 tu. Kuongeza muda, kabla hizo 10 hazijaisha:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

na usiifute folda ya Windows.old hata kama inakula nafasi. Draiva huondolewa ndani ya Device Manager: bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, Properties, Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Upakuaji uliokwama kwenye asilimia ileile kwa siku nzima hufunguliwa hivi, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Jua bei yake: kila kilichokuwa kimepakuliwa kinaanza sifuri. Ikiwa imefika asilimia 90 kwa bando, jaribu kwanza kuzima na kuwasha. Amri ya ren ikikataliwa, huduma imejifufua katikati. Kata intaneti, washa upya, uanze mstari wa kwanza. Ikifanikiwa na mambo yakatulia, futa folda ya .old.

Ikikwama kwenye skrini ya asilimia baada ya kujiwasha, tazama taa ya diski. Kama inapepesa, kazi inaendelea, na kwenye HDD inaweza kuganda kwenye namba moja kwa saa nzima. Ipe saa mbili hadi tatu kabla ya kushikilia kitufe cha kuzimia. Isipoamka tena, iwashe na kuizima kwa nguvu mara tatu nembo inapotokea, mpaka ije skrini ya matengenezo. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, kisha "Uninstall latest quality update", au ile ya feature kama lilikuwa toleo la mwaka. Inaweza kudai zile tarakimu 48. Ikishawaka, kabla hujaiunganisha na hotspoti, fungua Windows Update uahirishe kwa wiki 2 au 3, kwa sababu bila hivyo sasisho lileile litashuka tena usiku huohuo.